Bandeji Iliyopigwa Pasi

Nyie mnaovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza, ketini, lakini msiketi sana kama mimi. Mimi nimeketi mpaka kiti kimechukua umbo langu. Tangu nistaafu, safari yangu ndefu ni kutoka barazani hadi jikoni kuuliza chakula kimefika wapi, na hata hiyo mke wangu anasema naifanya mara nyingi mno. Kwangu hapa Kamembe, ukiwa barazani unaliona ziwa, na Nkombo imelala pale majini kama ng'ombe aliyeshiba. Nilikitazama kisiwa hicho miaka yote ya kazi bila kukikanyaga. Maji nayaheshimu. Nayaheshimu nikiwa mbali.

Mmeniomba niwaeleze habari za vijidudu visivyotaka hewa, vile vinavyowasumbua sana pale labo, kwenye maabara. Nadhani mlinichagua kwa sababu nafanana navyo. Vijidudu hivyo ni watu wa nyumbani. Hewa hii tunayoivuta mimi na wewe kwao ni sumu, kwa hiyo vinaishi mahali palipofungwa: chini ya ufizi, ndani ya utumbo, kwenye udongo wa shamba, ndani ya kidonda kirefu chenye mdomo mdogo. Humo vinakula, vinazaana, vinasengenya majirani. Ukivitoa nje, ukaviacha mezani uende kutafuta sukari ya chai, ukirudi umebaki na maiti. Halafu unaandika kwenye jibu la mgonjwa: hakuna kilichoota. Daktari anasoma, anaamini kwamba hakukuwa na kitu. Kumbe kitu kilikuwepo, kikafa wakati wewe unakoroga chai.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Fransisko, mtu wa Bukavu aliyevuka daraja la mpakani kuja kuoa huku na hakurudi tena. Siku ya kwanza aliniuliza nimesoma wapi. Nikasema sekondari, basi. Akasema, "Bien, vizuri. Kichwa yako bado iko na nafasi." Mpaka leo sijajua kama yalikuwa matusi.

Mzee huyo hakupenda maneno mengi. Siku moja nilijiona mvumbuzi. Pakiti zetu za gesi ya kuondoa hewa kwenye mtungi wa kuoteshea vijidudu hivi zilikuwa zimeisha, nikachukua mtungi wa kioo, nikapanga visahani vya kuoteshea, nikawasha mshumaa katikati na kufunga kifuniko. Mwali ukapungua, ukazimika. Nikamwita mwalimu wangu aje aone jinsi hewa ilivyokwisha. Hakunipongeza. Alitoka, akarudi na mende ndani ya kikopo. Akatoa visahani, akaniambia niwashe mshumaa tena, akamtumbukiza mende, akafunga. Mwali ukazimika kama mwanzo. Mende akaendelea kuzunguka mtungi, anapapasa kioo na masharubu yake kama mtu aliyepotea hotelini.

"Muulize kama hewa ilikwisha," Mzee Fransisko alisema, akaondoka.

Ndivyo nilivyojua kwamba mshumaa unachoka mapema. Unazimika ilhali hewa iliyobaki bado inatosha kuua vile tunavyovitafuta. Baadaye alinionyesha njia yake ya wakati wa shida. Alichukua sufi ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, akaichovya kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu, yaliyotiwa asidi kidogo, akaifungia mtungini pamoja na visahani. Chuma kikishika kutu kinakula hewa. Basi, kutu ambayo nyumbani inatugombanisha na wake zetu, kazini ilikuwa mfanyakazi mwenzetu. Na humo mtungini usisahau kutia kipande cha karatasi chenye rangi ya kupimia: kikiwa buluu, hewa ipo, kikipauka kikawa cheupe, hewa imetoka. Usiniamini mimi, wala mshumaa. Amini kile kipande.

Kuna pia mchuzi wa nyama. Hivi sasa mnanunua chupa zilizotengenezwa tayari, lakini sisi tulikuwa tunapika wenyewe: moyo wa ng'ombe, umekatwakatwa vipande vidogo, umechemshwa taratibu, umewekwa kwenye vichupa na mchuzi wake. Nyama inaishika hewa, inaizuia isifike chini, na kule chini kijidudu kinajisikia kwao. Ubaya wake ni kwamba ukiupika hospitali nzima inakuja. Mlinzi wa geti alifika na chumvi yake mfukoni. Nikamwambia chakula hiki ni cha vijidudu. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama vijidudu vinakula moyo wa ng'ombe wakati yeye anakula maharage, basi ni nani hasa mgonjwa katika hospitali hii.

Lakini hamkuja hapa kwa ajili ya kupika. Nataka kuwaeleza habari za Maman Riziki, maana mambo yote ninayoyajua kuhusu kazi hii yamo ndani ya shavu lake.

Maman Riziki ni wa Nkombo, anauza sambaza. Wengi wenu mmekula samaki wake bila kumjua. Wakati huo sauti yake ilikuwa inafika sokoni kabla ya yeye mwenyewe kufika. Halafu aling'olewa jino, akapona, akasahau. Miezi ikapita, shavu likaanza kuvimba chini kwenye taya. Uvimbe haukuuma sana, ila ulikuwa mgumu kama ubao. Ukatoboka tundu dogo, linatoa usaha, linazibika, linafunguka tundu jingine pembeni. Mdomo ukawa haufunguki vizuri. Alipotaka kutangaza samaki ilitoka sauti ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi.

Daktari wake alikuwa kijana, tutamwita Daktari Moize. Mtu mwembamba, mwenye adabu, anayesikiliza mpaka unasahau ulichotaka kusema. Alidhani ni kifua kikuu kilichohamia shingoni, tukapima, hapana. Alijaribu dawa hizi na zile, pamoja na metronidazoli ambayo huwa inavimaliza vijidudu vingi visivyotaka hewa. Shavu halikujali. Mara kadhaa tuliletewa usaha kwenye pamba, tukaotesha, vikaota vile vijidudu vya kawaida vya ngozi, au hakikuota kitu kabisa. Ikabaki hofu moja kubwa, kansa. Akaandaa barua ya kumpeleka Kigali kwa madaktari wa kupasua, na hakumficha kwamba huenda wakakata sehemu ya taya.

Siku hiyo alikuja labo kuchukuliwa damu, akakaa kwenye benchi yangu.

"Papa Labo," akaniambia, "bakiisha kukata hii taya, nitauzisha sambaza na nini? Na mikono?"

"Utauza na macho, Maman."

"Macho inauzisha bengine. Mi ni sauti." Akaligusa shavu. "Ule mukaka alinioa ju ya sauti. Alinisikia mbele ya kuniona. Sasa batoto banasema, Maman sema tena, hatusikie."

Mimi mtu akinisikitisha ninatania, ni ugonjwa wangu. Nikatafuta cha kutania, nikaiona bandeji yake. Kitambaa cha shuka kuukuu, kimekunjwa vizuri, kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, cheupe mpaka kinaumiza macho.

"Maman, bandeji yako inang'aa kuliko koti langu."

"Koti yako nilishaiona. Unaifulia mu chai?"

Nilicheka, na hapo udadisi ukanishika. Jeraha linalotoa usaha, bandeji imekuwaje haina hata doa? Nikamuuliza ameifunga lini.

"Saa hii. Pale ku kivuko, mbele ya kupanda. Siwezi kuingia kwa daktari na ile ya jana. Bantu bananawa mikono ju yangu, mi nibaletee usaha? Hiyo ni malezi ya wapi?"

"Na ile ya jana iko wapi?"

"Niliifua mu ziwa."

"Ilikuwa na nini?"

"Usaha. Na ile bunga."

"Unga gani?"

"Bunga," akasema kwa kunionea huruma, kama mlinzi wa geti. "Budogo budogo, ya manjano, sawa unga ya muhindi yenye haikusagika muzuri. Inashika ku kitambaa. Unasugua, unasugua, njo inatoka."

Nilienda kumtafuta Daktari Moize, nikamkuta wodini, nikamrudia maneno ya mama yule kama alivyoyasema. Akaweka kalamu chini.

"Punje za manjano," akasema. "Nilizisoma shuleni. Sijawahi kuziona kwa mtu."

"Mimi nimeziona kwa ng'ombe," nikasema. Ni kweli, Mzee Fransisko aliwahi kunipeleka machinjioni kunionyesha taya ya ng'ombe iliyovimba, akaikamua, zikatoka punje kama mchanga. Safari hiyo ilinichosha hivi kwamba sikutoka nyumbani wikendi nzima, lakini punje nilizikumbuka.

Daktari ndiye aliyetaja jina: aktinomisesi. Ni kijidudu cha mdomoni, kinakaa kimya kwenye meno ya kila mmoja wetu, wewe pia, usinitazame hivyo. Mlango ukifunguka, kwa mfano jino likitoka, kinaingia ndani ya nyama na kujenga. Kinajenga polepole, kijiji kizima, na kila punje ni nyumba. Hewa hakitaki. Na kinaidharau metronidazoli, tofauti na jamaa zake. Penisilini ndiyo inakishinda, ikitolewa kwa miezi.

Sasa tazameni jinsi tulivyokuwa tumekosea sote pamoja, tena kwa heshima. Huku kwetu mtu akienda hospitali anaoga, anajipaka mafuta, anavaa nguo ya misa. Maman Riziki alikuwa anafua ushahidi kwenye ziwa. Akifika, muuguzi anamsafisha jeraha vizuri kwanza, halafu ndipo anachukua usaha kwa pamba, na pamba kavu kwa vijidudu hivi ni jeneza. Mimi nami naotesha, nangoja siku mbili, naona hakuna kitu, natupa, nasugua meza. Kila mmoja wetu alikuwa msafi. Kadiri tulivyozidi kuwa wasafi, ndivyo tulivyozidi kumpeleka mama yule kwenye kisu.

Nikarudi kwenye benchi. Nikamwambia tunazitaka zile punje. Asibadilishe bandeji tangu jioni; asubuhi aitie ndani ya kikopo kisafi chenye mfuniko, aniletee haraka. Akaitikia. Nilifurahi, nikaenda nyumbani nikala mara mbili.

Aliporudi alinikabidhi kikopo kwa mikono miwili, kama anayetoa zawadi. Nikakifungua mbele ya Daktari Moize. Ndani kulikuwa na bandeji iliyokunjwa mara nne, nyeupe, kavu, yenye mistari ya pasi.

"Maman," nikasema, "hii umeipiga pasi?"

"Na makaa ya moto sana, Papa. Niliichemusha mbele ya kuipiga."

Daktari akageukia ukuta, mabega yanamtetemeka. Mimi pia nilitaka kucheka, lakini nilimwona usoni. Yeye hakuwa anachekesha mtu. Alikuwa amekesha na wazo la kumpa mzee wa watu kitambaa chenye usaha, na wazo hilo lilikuwa limemshinda.

Nikaketi karibu naye. Nikamwambia ukweli bila mzaha, jambo ambalo huwa linanichosha. Kwamba kile tunachokitafuta kinakufa kwa hewa, kinakufa kwa maji ya moto, na kwa pasi kinakufa mara tatu. Kwamba hata kwenye kikopo sasa sitaki. Aje nayo hivyo hivyo usoni, ikiwa mbichi, imelowa, tuifungue hapa. Kwamba barua ya Kigali imeshaandikwa, na bila punje hatuna neno la kuisimamisha.

"Unataka nipande bato nikinuka," akasema. "Mbele ya bantu bote. Benye banakula samaki yangu."

"Ndiyo."

"Muntu akuye vile ako."

"Mtu aje vile alivyo, ndiyo, Maman."

Akanitazama. Macho yake hayakuwa na matatizo yoyote. "Na weye, Papa Labo, ulishafika kwetu Nkombo hata siku moja?"

Nikasema bado.

"Ju ya nini? Si iko pale?" Akaonyesha dirishani.

Daktari Moize, ambaye nilimdhania rafiki, akasema, "Anaogopa boti."

"Ah," akasema Maman Riziki, na kwa mara ya kwanza shavu lile gumu likajaribu kutabasamu. "Basi, tusikilizane. Mi nitavuka na haya yangu. Siku taya yangu ikipona, weye utavuka na woga yako."

Taya ni yake. Nikampa mkono.

Alikuja. Aliniambia baadaye kwamba watu kwenye boti walihama mmoja mmoja mpaka akabaki na ubao wote peke yake, kama mke wa waziri. Alikuwa amejifunika kitenge hadi puani. Hakupitia mlango wa nyuma niliokuwa nimemfungulia. Aliingia kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya foleni, akakaa, akavua kitenge.

"Njo hii, Papa. Buchafu bwako."

Nyie mtaona mambo mengi kazini, lakini kama mna bahati mtaona bandeji kama ile. Punje zilikuwa zimetulia kwenye nyuzi, za manjano, ndogo kuliko ulezi. Nilizichukua na kibano moja moja, nikazisuuza kwa maji ya chumvi, na moja nikaiweka kati ya vioo viwili nikaiponda. Ilikataa kidogo kabla ya kupondeka, kama dengu isiyoiva. Nikaipaka rangi, nikainama kwenye mikroskopu. Nyuzi nyembamba za zambarau, zinatoa matawi, na matawi yanatoa matawi, kama mizizi ya mpunga ukiung'oa kule Bugarama na kuutikisa tope. Niliutazama ule uzuri nikasahau kwamba unakula mtu.

Hapa jifunzeni jambo moja. Mikroskopu kwanza, siku zote. Kilichoonekana kwenye kioo kikakataa kuota kwenye sahani ya wazi, jiulize nani anajificha. Otesha sahani mbili: moja kwenye hewa, moja mtungini. Anayeota mtungini tu, huyo ndiye mtu wa nyumbani.

Daktari Moize alitazama akaanza penisilini siku hiyo hiyo. Lakini hakuwa ametulia. "Kioo kinaniambia ndiyo," alisema. "Ila kuna vingine vinavyofanana nacho. Na kama ndani kuna kansa pia, kila siku ninayomweka hapa naichukua kutoka kwake. Niotesheeni. Barua naishikilia, sitaishikilia milele."

Basi tukafunga mtungi, na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, yaani kutofanya kitu. Mngedhani mimi nimezaliwa kwa ajili hiyo. Hapana. Kijidudu hiki ni mvivu kuliko mimi. Kinataka wiki na zaidi, na ukifungua mtungi kuchungulia, hewa inaingia unaanza upya. Mimi nina udadisi wa mwanamke mjamzito aliyesikia harufu ya chungu cha jirani. Asubuhi nilikuwa nafika, nakitazama kile kipande cha rangi, cheupe, vizuri, naweka mkono kwenye mfuniko, nautoa. Nyumbani mke wangu akaniuliza ni mwanamke gani ninayemuwaza. Nikamwambia yumo mtungini.

Katikati ya kungoja ikaingia siku ya usafi mkuu. Mnaijua. Kila chupa ya zamani hutupwa, kila kabati hufunguliwa, na msimamizi wa usafi anapita na macho kama ya mwewe. Akafika kwenye kabati la joto tunamooteshea vijidudu.

"Papa, huu mtungi ni wa lini?"

"Kuna mgeni amelala."

"Visahani ni siku mbili. Sheria ni yako mwenyewe, uliiandika wewe ukutani."

Nikautazama ukuta. Mwandiko kweli ulikuwa wangu, mzuri pia. Nikauchukua mtungi, nikaketi nao mapajani mpaka usafi ukaisha, watu wakinipita na mifagio. Nikawaambia sheria ile ilikuwa ya vijidudu vinavyojua kuamka mapema. Jioni niliifuta, nikaandika nyingine: usitupe kabla ya kuuliza unamtafuta nani.

Siku tuliyofungua, Daktari Moize alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Sahani ya hewa: kimya, tupu. Sahani ya mtungini: vijidonge vyeupe, vigumu, vimeshikilia chakula kama vimepigiliwa. Nikakivuta kimoja karibu na lenzi. Kilikuwa na vilima na bonde katikati. Gego. Kijidudu kilichoingia kwa pengo la jino kilikuwa kimejenga jino. Nilimpisha daktari atazame. Alitazama, akaomba kiti.

Halafu akaenda mwenyewe kumwambia. Sikwenda, nilikuwa na visahani vya kuosha. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nilisikia sauti ya blanketi ikiuliza, "Taya inabaki?" Na daktari akajibu, "Inabaki, Maman. Lakini sindano na vidonge ni vya miezi mingi, na hutaacha hata ukipona usoni." Kisha sauti ile ile: "Na kuifua bandeji, naweza sasa?"

Siku hizi naambiwa Kigali kuna mashine ambayo unaipa chembe ya kijidudu na inakutajia jina kabla hujaketi. Nimefurahi kweli. Ningeipenda. Ila kumbukeni, mashine haiwezi kutaja kilichofuliwa kikapigwa pasi. Lazima mtu fulani awe amekaa kwenye benchi na mwenye jeraha, akamuuliza kuhusu kitambaa chake, akataniwa kuhusu koti lake.

Uvimbe ulipungua kama ulivyokuja, polepole. Mdomo ukafunguka kidogo, ukafunguka zaidi. Asubuhi moja nikiwa nakagua damu nilisikia kutoka barabarani neno sambaza limevutwa mpaka likafika kwenye dari, na watu wote labo wakainua vichwa. Nilifurahi kwa muda mfupi tu. Halafu nikakumbuka nilimpa mkono.

Miaka mingi nilijificha nyuma ya kazi. Nikastaafu, nikajificha nyuma ya mgongo, magoti, mvua. Mwezi uliopita alikuja mpaka getini kwangu, hakubisha, aliita tu, na mtaa wote ukajua nina deni Nkombo. Mke wangu alikuwa ameshanitolea shati jeupe, lililopigwa pasi.

Boti lilikuwa na injini nzuri na ziwa lilikuwa limetulia, kila mtu alisema hivyo. Mimi niliketi kwenye ubao nimeushika kwa mikono miwili kama mkono wa mama mkwe. Tulipofika katikati tumbo langu, ambalo kama nilivyosema ni la mtu wa nyumbani, lilikataa hewa ya nje. Lilirudisha uji, na chai, na sehemu ya chakula cha jana, nusu ziwani na nusu kwenye shati. Abiria wakaanza kuhama mmoja mmoja. Nikabaki na ubao wangu.

Kule ukingoni walikuwa wengi. Maman Riziki alikuwa amewaambia wote: watoto wake, mumewe, wanawake wa sambaza, wamejipanga na nguo zao za misa kumwona Papa Labo. Niliona nyuso zao nikaona shati langu. Nikamwomba chini chini Maman Riziki, aliyetangulia kushuka, anipitishe pembeni kwanza, anipatie beseni la maji na kitambaa, nijisafishe kabla ya kuwasalimia watu.

Alinishika mkono, akanivuta nje ya boti. Shavu lilikuwa laini, na kovu dogo chini ya taya.

"Hapana, Papa," akasema, kwa ile sauti inayofika sokoni peke yake. "Muntu anakuya vile ako."